Si sauti iliyomwangusha Anna May Wong

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu anayeishi Marekani alinizawadia sarafu ya senti 25 yenye sura ya mwanamke mwenye asili ya Kichina, Anna May Wong. Nilipotafuta habari zake nikakuta wanasema alikuwa nyota wa sinema bubu, na sinema zilipoanza kuongea akaporomoka kama wenzake wengi. Mimi nasomea uigizaji na jambo hili limenikaa kichwani. Je, ni kweli sauti ndiyo iliyommaliza? Na nikitaka kumwona akiigiza, nianze na filamu gani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza, maana hiyo habari uliyoikuta imeenea sana na imemdhulumu huyu mama. Nikujibu bila kuzunguka: hapana, sauti haikummaliza. Anna May Wong ni miongoni mwa nyota wachache wa sinema bubu waliojifunza kuongea mbele ya kamera hadi wakaweza kuigiza kwa lugha tatu. Kilichombana ni swali jingine, ambalo wakubwa wa studio walijiuliza kabla ya kumpa mtu nafasi: huyu anaruhusiwa kubusiwa na nani? Swali hilo lilikuwapo tangu enzi za ukimya, na sauti ilipoingia halikuondoka.

Naelewa dhana hiyo ilikotoka. *The Jazz Singer*, filamu ndefu iliyofungua enzi ya sinema za kuongea, ilitoka Oktoba 1927, na ndani ya miaka michache sinema bubu zikawa zimekwisha Hollywood. Wako walioathirika kweli. Emil Jannings, Mjerumani aliyepata Oscar ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora wa kiume, alirudi kwao kwa sababu Kiingereza chake hakikutosha. Vilma Bánky, Mhungaria, lafudhi yake ilimfungia milango. Basi watu wakachukua habari za hao wakamvika kila nyota ambaye jina lake lilififia baada ya 1930. Kwa Anna May haikai hata kidogo. Yeye alizaliwa Los Angeles, na Kiingereza alikizungumza tangu utotoni kama mtoto yeyote wa mjini pale.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1905, jina la nyumbani Wong Liu Tsong. Baba yake, Wong Sam Sing, alikuwa dobi mwenye duka lake, na naye alikuwa amezaliwa California, kwa hiyo Anna May alikuwa kizazi cha tatu nchini Marekani. Likumbuke hilo, maana maisha yake yote aliulizwa ametoka wapi. Watoto wa dobi walikuwa na kazi ya kupeleka nguo zilizofuliwa kwa wateja, na vijisenti alivyopewa huko vilikwenda kwenye tiketi za sinema. Wakati mwingine alitoroka shule. Akirudi nyumbani husimama mbele ya kioo na kuigiza aliyoyaona, kilio pamoja na leso yake. Miaka hiyo wapiga sinema walikuwa wakija mtaa wa Wachina kutafuta mandhari, naye akawa haondoki miguuni pao, akiuliza maswali, mpaka wakambatiza jina la utani la mtoto wa Kichina mdadisi. Mwaka 1919 akaingia kwenye *The Red Lantern* kama mmoja wa mamia ya watu waliojaza picha, beba taa upite. Baba hakupenda. Binti alishika uzi uleule.

Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 17, akapewa nafasi ya mhusika mkuu katika *The Toll of the Sea*. Hii ilikuwa kati ya filamu za kwanza kabisa za rangi za Technicolor, na sababu ya kumpa yeye nafasi ni sehemu ya habari. Kampuni ilitaka kuonyesha mashine yake inaweza nini, haikuwa na haja ya nyota mwenye jina. Rangi zenyewe zilikuwa mbili, nyekundu na kijani, na nguo za Kichina na bustani vilifaa sana kwa kazi hiyo. Hadithi ni ya msichana Lotus Flower anayemwokoa Mmarekani aliyetupwa ufukweni na bahari, wakafunga ndoa ya kienyeji, mwanamume akaondoka, akarudi na mke wa Kizungu. Msichana anawakabidhi mtoto wake kisha anajitupa baharini.

Wewe unayesomea uigizaji, tazama pale anapoachana na mwanawe. Anamweleza mtoto kwamba yule mama wa Kimarekani ndiye mama yake halisi, yeye alikuwa yaya tu. Waigizaji wengi wa wakati ule wangerusha mikono juu, wangejipiga kifua. Anna May karibu hafanyi kitu. Anamtazama mtoto, machozi yanajaa na kushuka yenyewe, na uso unaendelea kujitahidi kutabasamu kwa ajili ya mtoto huyo. Machozi ni ya kweli, kwa sababu alijizoeza kulia atakapo tangu siku za kioo. Wahakiki wa New York walimsifu, na sifa hizo alistahili. Ukimtazama leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, hakuna kinachokufanya useme haya ni mambo ya kizamani.

Ungetegemea baada ya hapo milango ifunguke. Mwaka 1924 akaigiza na Douglas Fairbanks katika *The Thief of Bagdad*, nafasi ya mjakazi msaliti wa Kimongolia, na dunia nzima ikamwona. Kisha ikaja miaka ya kupewa vijisehemu: mtumwa, mchawi, kahaba, msichana wa pembeni. Filamu yenye mhusika mkuu wa Kichina ikitengenezwa, anatafutwa mwigizaji wa Kizungu, anapakwa rangi na kutengenezwa macho, na Anna May anawekwa nyuma yake ili picha ionekane ya kweli. Katika *Mr. Wu* ya 1927, binti wa Kichina aliigizwa na Renée Adorée, Mfaransa, na Anna May akawa msaidizi wake. Haya yote ni kabla sauti haijashika Hollywood. Kama sauti ndiyo iliyomwangusha, huku kuanguka kwa 1925, 1926 na 1927 tutakuitaje?

Sababu ilikuwa hivi. Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya Mzungu na mtu wa asili ya Kichina, na haikuondolewa hadi 1948, mahakama kuu ya jimbo ilipoitupa. Studio nazo zilijiwekea miiko yake ya maadili, na mwaka 1930 ikaandikwa rasmi, ikaanza kusimamiwa kwa ukali 1934. Maandishi ya mwiko wa mapenzi kati ya rangi yaliwataja Weupe na Weusi, lakini studio zikautumia kwa Waasia pia. Sasa fikiria filamu ya mapenzi: ina bwana na bibi, na mwishoni wanabusiana. Mabwana wenye jina walikuwa Wazungu. Mwanamke asiyeweza kubusiwa na bwana huyo hawezi kuwa bibi wa filamu. Na kama bwana ni Mzungu aliyepakwa rangi awe Mchina, bado ngozi iliyo chini ya rangi ni ya Mzungu, kwa hiyo bibi naye lazima awe Mzungu aliyepakwa rangi. Mwanamke wa Kichina halisi akawa hana mahali pa kusimama hata katika hadithi ya Wachina. Akipenda, sharti afe kabla filamu haijaisha. Anna May mwenyewe alikuwa akisema, kwa uchungu uliofunikwa na mzaha, kwamba kaburi lake liandikwe alikufa mara elfu moja.

Mwaka 1928 akafunga mizigo akaenda Ulaya, akaanzia Berlin. Na hapa utaona jinsi sinema bubu ilivyokuwa rafiki yake. Filamu isiyo na sauti haina utaifa: maneno ya wahusika husomwa kwenye skrini, kwa hiyo unakata maandishi ya Kijerumani, unabandika ya Kiingereza au ya Kireno, na uso ni uleule. Mwongozaji Richard Eichberg akamfanya stelingi wa *Song*, akiwa na Heinrich George, na Wajerumani wakampokea kama malkia. Walter Benjamin, mmoja wa waandishi wakubwa wa zama hizo, alikwenda kukaa naye akaandika makala juu yake. Ulaya haikuwa peponi, maana hata huko aliendelea kufa mwishoni mwa filamu, lakini jina lake sasa lilikuwa juu kabisa ya bango.

Kisha ikaja *Piccadilly*, iliyopigwa Uingereza na mwongozaji E. A. Dupont na kutoka 1929. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu nataka nikae nayo kidogo. Mteja katika ukumbi wa starehe wa kifahari wa London analalamika kwamba sahani yake ni chafu. (Mteja huyo ni Charles Laughton, kabla hajawa maarufu.) Mwenye ukumbi anashuka kutafuta mkosaji: jikoni, kisha chini zaidi, mpaka chumba cha kuoshea vyombo. Huko anakuta wafanyakazi wote wameacha kazi wanamtazama msichana mmoja anayecheza juu ya meza. Huyo ni Shosho, yaani Anna May. Hachezi kwa kasi. Nyonga zinazunguka polepole, mikono inaelea, macho yako mbali, na chumba kizima kimesimama. Anafukuzwa kazi. Lakini bosi hawezi kuisahau ile ngoma, na baadaye Shosho anapandishwa juu, kwenye jukwaa la ukumbi uleule ambao alikuwa akiuoshea sahani. Anapotia saini mkataba, anaandika kwa herufi za Kichina.

Gilda Gray, aliyetajwa wa kwanza kwenye filamu hiyo, alikuwa mcheza ngoma mwenye jina kubwa, na anajitahidi kila dakika. Anna May anamfunika kwa kukaa kimya. Angalia anavyomtazama bosi wake wanapopatana juu ya mshahara na nguo atakayovaa: anajua anachotaka, anajua bosi anataka nini, na uso hautoi siri hata moja. Kuna pia sehemu ya baa ya mashariki mwa London, ambapo mwanamke Mzungu anacheza na mwanamume Mweusi na watu wanafukuza hao wawili. Shosho na bosi wake wanatazama, na hakuna anayehitaji kuwafafanulia. Usiku huo wanakwenda chumbani kwa Shosho, wanasogeleana, na midomo haigusani mbele ya kamera. Muda mfupi baadaye Shosho ameuawa. Mwaka 1929, London, filamu bubu, na kizuizi ni kilekile.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo ndiyo hasa umeniuliza. Mwaka huohuo wa 1929 alipanda jukwaani London katika tamthilia ya *The Circle of Chalk*, akiwa na kijana Laurence Olivier. Wahakiki wakashtuka, kwani kutoka katika kinywa cha yule binti wa Kichina waliyemwabudu kwenye skrini ilitoka lafudhi ya California. Walimshambulia vibaya. Wengine wangekata tamaa. Yeye alitafuta mwalimu akalipa ada kubwa kujifunza Kiingereza cha Kiingereza, na tangu hapo akawa na sauti nzito, tulivu, yenye matamshi ya watu wa tabaka la juu. Kijerumani alikuwa ameshaanza kukijua, akaongeza Kifaransa.

Mwanzoni mwa sinema za sauti hapakuwa na njia nzuri ya kubadilisha lugha ya filamu, kwa hiyo baadhi ya studio zilipiga filamu ileile mara kadhaa, kila lugha na waigizaji wake. Katika *Hai-Tang* ya 1930, kwa Kiingereza ikiitwa *The Flame of Love*, waigizaji wengine walibadilishwa kila lugha ilipobadilika. Anna May hakubadilishwa. Aliigiza toleo la Kiingereza, la Kijerumani na la Kifaransa, akiongea mwenyewe yote matatu. Mwaka huo pia aliigiza jukwaani Vienna kwa Kijerumani. Nadhani hapo umepata jibu lako. Mtu aliyeshindwa na sauti hafanyi kazi kama hiyo.

Akarudi Marekani, akapata mafanikio Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, na studio ya Paramount ikamchukua. Filamu ya kwanza ikawa *Daughter of the Dragon*, 1931, na malipo yanaeleza mengi. Yeye, bibi wa filamu, alilipwa dola 6,000. Sessue Hayakawa, Mjapani, alilipwa 10,000. Warner Oland, mzaliwa wa Sweden aliyepambwa awe Mchina na ambaye anaonekana muda mfupi tu, alilipwa 12,000. Mwaka uliofuata ilitoka *Shanghai Express* ya mwongozaji Josef von Sternberg, akiwa na Marlene Dietrich, nyota wa Kijerumani. Ana maneno machache humo, na kila moja linatua. Wanawake wote wawili wanaigiza watu waliodharauliwa na abiria wenzao wa treni, na ni Anna May anayechukua kisu na kummaliza jenerali mwasi, ambaye kwa mara nyingine ni Warner Oland.

Halafu likaja pigo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililobadilisha maisha yake. Studio ya MGM ilikuwa ikitengeneza *The Good Earth*, kutokana na riwaya ya Pearl Buck kuhusu wakulima wa China. Bajeti kubwa, hadithi ya heshima, na mhusika mkuu wa kike, O-Lan, ni mke na mama, hana ukahaba wala usaliti. Mwigizaji maarufu kuliko wote wa asili ya Kichina alikuwapo palepale mjini, na alitamani nafasi hiyo kwa miaka. Lakini mume alipewa Paul Muni, Mzungu, na ukishasoma aya zilizotangulia unajua kilichofuata. O-Lan akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, ambaye alishinda Oscar kwa kazi hiyo. Anna May aliitwa ajaribiwe kwa nafasi ya Lotus, yule mke wa pili anayeivuruga nyumba. Alikataa. Hakutaka kuwa Mchina pekee mwenye jina kubwa katika filamu hiyo, tena apewe uovu. Namheshimu sana kwa uamuzi huo, maana hakuwa na akiba ya nafasi nyingine za kuchagua.

Januari 1936 akaondoka kwenda China, nchi ambayo watu walimwambia ni kwao na yeye hakuwahi kuikanyaga. Baba yake alikuwa amesharudi kijijini kwa ukoo wao, Taishan. Alikaa miezi mingi, akajifunza Kichina cha kaskazini ambacho hakukijua kwa sababu nyumbani walizungumza lugha ya kusini, akapiga picha za filamu za safari yake. Mapokezi yalikuwa mchanganyiko. Umati ulifurika kumwona, lakini magazeti na maafisa wa serikali walimkaripia kwa kuigiza wajakazi na makahaba walioaibisha taifa. Kwa hiyo Hollywood ilimnyima nafasi nzuri kwa kuwa ni Mchina, na China ikamlaumu kwa nafasi mbaya alizopewa. Na Marekani yenyewe, alikozaliwa, kila alipotaka kusafiri nje alijaza fomu ya uhamiaji iliyomwita mtu anayedaiwa kuwa raia wa Marekani. Sheria ya kuwazuia Wachina ilikuwa imepitishwa 1882, na ilifutwa 1943.

Aliporudi akapata miaka mizuri kidogo. *Daughter of Shanghai* ya 1937 aliigiza na Philip Ahn, Mmarekani wa asili ya Korea. Wote wawili ni mashujaa, Anna May yuko hai hadi mwisho, na mwishoni anaposwa. Ilikuwa filamu ya bajeti ndogo. Vita vya Japan na China vilipopamba moto alitumia muda mwingi kuchangisha fedha, na mshahara wa filamu zake za 1942 aliutoa kwa ajili ya misaada ya China. Mwaka 1951 akaongoza kipindi chake cha televisheni, *The Gallery of Madame Liu-Tsong*, akiigiza mwenye duka la sanaa anayechunguza uhalifu. Hakuna nakala yake inayojulikana kubaki, na hilo huniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu pale ndipo hakuhitaji ruhusa ya kumbusu mtu ili awe mkuu. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Februari 1961, Santa Monica, akiwa na miaka 56. Hakuolewa.

Sasa, uanze na ipi? Anza na *The Toll of the Sea*. Ni fupi, haifiki saa moja, na haki zake Marekani zimekwisha, kwa hiyo inapatikana mtandaoni bila malipo na bila kumwibia mtu. Tafuta nakala iliyofanyiwa ukarabati na hifadhi ya filamu ya UCLA, chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles, mwaka 1985. Sehemu ya mwisho ilikuwa imepotea, wakapiga upya picha za bahari kwa kamera ya zamani ya rangi mbili, na huwezi kutambua kwa haraka. Itazame mara ya kwanza bila muziki. Watu hupachika muziki wowote juu ya filamu bubu, nao unakwambia ulie wapi na ucheke wapi, ukashindwa kuona uso unafanya nini.

Kisha *Piccadilly*, na hapo nakushauri ufanye zoezi. Chagua dakika mbili ambazo Shosho yuko kwenye picha na mtu mwingine ndiye anayezungumza. Mfuate yeye tu: lini anapepesa, lini anageuza kichwa, lini anaacha kabisa kusogea. Andika. Utaona hapotezi hata tendo moja. Ya tatu iwe *Shanghai Express*, na hiyo isikilize ukiwa umefumba macho mahali anapoongea, uipime sauti yake kando ya Dietrich, ambaye hakuna aliyewahi kusema sauti ilimwangusha.